Mnyoo Kwenye Jicho la Mbwa

Mbwa akitokwa machozi na matongo, akijisugua uso ardhini, mfunue kope taratibu. Huenda ukaona uzi mweupe unaojinyonganyonga: mnyoo aina ya Thelazia. Jike huzaa vibuu ndani ya machozi, na nzi anayeyalamba huvipeleka jicho jingine. Thelazia rhodesii ni ya ng'ombe. Thelazia callipaeda, inayojulikana zaidi Asia na Ulaya, hushika mbwa, hata binadamu.

Usiuchokonoe kwa kijiti, tafadhali! Wala usimdunge dawa ya ivamektini ya ng'ombe. Mbwa wengine, hasa wa aina ya Collie, yaweza kuwaua. Daktari wa mifugo atatia matone ya ganzi, kisha autoe kwa kibano. Na kwa ajili ya ng'ombe wenu, samadi iliyorundikana zizini iondoeni: nzi wa ng'ombe huzaliana humo.