Yuko Wapi Siku Hizi?



Ligi inapokuwa mapumzikoni, katika mabaraza ya Msimbazi na Jangwani mjini Dar es Salaam mazungumzo ya wapenzi wa kandanda hayakomi, bali hugeuka. Mechi ijayo ikiwa bado mbali, watu huulizana habari za waliokwisha kuondoka. "Yuko wapi siku hizi?" Swali hilo huulizwa kwa sauti ile ile ambayo watu wa ukoo huulizia habari za ndugu aliyehamia mbali asiandike barua.

Wapo wanaoliona swali hilo kuwa ni porojo za watu wasio na kazi. Wanakosea. Sehemu kubwa ya historia ya kandanda ya Tanzania haimo katika majalada ya ofisi yoyote. Imo vichwani mwa watu hawa. Wazee wa Jangwani ndio wanaomweleza kijana kwamba katika miaka ya 1970 Sunday Manara, aliyepachikwa jina la "Kompyuta", alitoka Yanga akaenda Uholanzi kuichezea Heracles ya Almelo, wakati ambapo kijana wa Kitanzania kucheza kandanda ya kulipwa Ulaya lilikuwa jambo la kustaajabisha.

Lakini daftari hili la vichwani lina upendeleo wake. Huko Msimbazi, habari za Mbwana Samatta zinajulikana hatua kwa hatua: alichukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, Januari 2016 akatunukiwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani, akaenda Genk ya Ubelgiji na kutwaa nayo ubingwa wa mwaka 2019, na tarehe 1 Machi 2020 akaifungia Aston Villa bao katika uwanja wa Wembley, katika fainali ambayo Manchester City ilishinda 2-1. Yote hayo husimuliwa kana kwamba Simba ndiyo iliyomzaa na kumlea. Ukweli ni kwamba alivaa jezi nyekundu kwa muda mfupi tu. Aliyemlea ni timu ya Mbagala Market, ambayo baadaye ikawa African Lyon, na jina la timu hiyo ni nadra kutajwa barazani.

Jangwani nako kuna Fiston Mayele, Mkongo aliyeondoka Yanga mwaka 2023 kwenda Pyramids ya Misri. Juni 2025, Pyramids ilipoishinda Mamelodi Sundowns na kuwa bingwa wa Afrika, Mayele alikuwa mmoja wa wafungaji, na furaha ilisikika mpaka Kariakoo. Hiyo ni furaha njema, maana haikuwa na faida yoyote kwa aliyeshangilia. Ila wema huu una mpaka. Clatous Chama wa Zambia aliondoka Simba mwaka 2021 kwenda Berkane ya Moroko, akaombewa heri. Akarejea Januari 2022, akapokewa kwa shangwe. Mwaka 2024 alipohamia Yanga, wengi wa waliomwombea heri wakamwita msaliti. Umbali wa Moroko ulisameheka. Umbali wa mitaa michache ya Kariakoo haukusameheka.

Hata hivyo, hao wote ni watu ambao habari zao zinafika. Neno zito ni juu ya yule asiyekwenda Uholanzi wala Misri, aliyevunjika goti akiwa na umri wa miaka 24 na kurudi kwao kimya kimya. Huyo huulizwa mara moja, mbili, kisha jina lake likaachwa.

Hata aliyelifanyia taifa jambo kubwa anaweza kungoja sana. Mwaka 1979, mjini Ndola, Peter Tino aliisawazishia Tanzania bao dhidi ya Zambia, na kwa bao hilo Taifa Stars ikaenda Lagos katika fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Machi 2019, Taifa Stars ilipofuzu kwa mara ya pili baada ya kuifunga Uganda 3-0, Rais John Magufuli aliwakaribisha wachezaji Ikulu, na Tino akapewa zawadi ya fedha mbele yao. Ilikuwa tendo la heshima. Lakini ilikuwa imepita miaka 40.

Zamani wachezaji wengi walikuwa waajiriwa. Timu kama Reli ya Morogoro, Bandari na Pamba ya Mwanza zilitokana na sehemu za kazi. Mtu akitundika viatu, aliweza kubaki na kazi yake na kiinua mgongo chake. Mchezaji wa leo hupokea fedha ambazo mwenzake wa zamani hakuziota, lakini mkataba wake ni wa miaka miwili au mitatu, na baada ya hapo hana meza ya kurudia. Walimu wanaopeleka vijana katika mashindano ya UMISSETA wanalijua jambo hili kuliko wengi, kwa kuwa wao ndio wanaoulizwa na mzazi kama mtoto aache masomo. Wanaweza kumtajia Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos, ambaye alisomea uhandisi na baadaye akawa Rais wa TFF kuanzia mwaka 2004 hadi 2013. Wakitaka kusema kweli yote, watamwambia pia kwamba akina Tenga si wengi.

Wazee wa Msimbazi bado huipanga timu ya Simba ya mwaka 1974, ile iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Huanza na mlinda mlango, wakaja kwa walinzi, wakabishana juu ya winga. Kisha mmoja huuliza ni wangapi walio hai, na hesabu huanza upya kwa vidole.