Ndege Ikikatisha Kuruka, Ardhi Iliyo Wazi Huokoa Maisha



Abiria wengi hunung'unika ndege inapokimbia ili iruke, kisha ikafunga breki ghafla na kusimama. Safari huahirishwa, breki huungua, tairi huharibika. Hata hivyo, rubani aliyesimama kwa wakati ametimiza wajibu wake.

Kabla ya safari, hukokotolewa kasi ya uamuzi kulingana na uzito wa ndege, urefu wa njia na hali ya hewa. Hitilafu kubwa ikitokea kabla ya kasi hiyo, rubani husimama. Ikitokea baadaye, huruka kwanza, ndipo arudi kutua, kwa kuwa njia iliyobaki huenda isitoshe kusimama. Hasara ya tairi ni ndogo kuliko ya roho.

Lakini uamuzi huo huhitaji nafasi. Tarehe 15 Aprili 2008, mjini Goma, nchini Kongo, ndege ya DC-9 ya Shirika la Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapitiliza mwisho wa njia iliyolowa mvua. Njia hiyo ilikuwa imefupishwa na lava ya mlima Nyiragongo mwaka 2002. Mbele yake palikuwa na mtaa wa Birere, wenye soko na makazi. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa hutaka njia kubwa iwe na ukanda wa mita 60 baada ya mwisho wake, kisha eneo la usalama lisilopungua mita 90. Inapendekezwa lifike mita 240.

Mkoa wetu wa Mara una viwanja vya ndege, kikiwamo cha Musoma na kile cha Seronera ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Kwa hiyo hata asiyepanda ndege anahusika. Asichunge ng'ombe wala kuanika mihogo kwenye njia ya ndege. Asitupe taka karibu, kwani huvuta ndege wa porini: mwaka 1988, huko Bahir Dar, Ethiopia, njiwa waliingia katika injini za Boeing 737, na watu 35 wakafa.

Anayenunua kiwanja jirani na uwanja wa ndege aulize kwanza ofisi ya ardhi ya halmashauri. Anayeona uzio umetobolewa amwarifu mtendaji wa kijiji mara moja.