Duka la Vitabu na Kibanda Umiza

Wapenda vitabu wa Dar es Salaam wanapokutana, haupiti muda kabla mpira haujalaumiwa. Lawama ni ile ile: vijana hawasomi kwa sababu jioni zao zimemezwa na kibanda umiza, na maduka ya vitabu ya katikati ya mji yamekufa kwa sababu wateja wake wamehamia kwenye mabenchi mbele ya televisheni. Lawama hiyo inaingia akilini haraka, hasa kwa wale waliowahi kuuona Mtaa wa Samora enzi zake. Hata hivyo, msikilizaji, inafaa kuichunguza kabla ya kuikubali, kwa kuwa inamwonea mmoja na kuwaacha wahusika halisi waende zao.

Samora kwanza.

Tanzania Publishing House, ambayo wengi waliizoea kwa herufi zake tatu, TPH, ilianzishwa mwaka 1966. Walter Bgoya alipoanza kuiongoza mwaka 1972, Dar es Salaam ilikuwa mji wa aina yake barani Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake hapa, FRELIMO ya Msumbiji na vyama vingine vya wapigania uhuru vilikuwa na ofisi hapa, na Mlimani, kwenye Chuo Kikuu, wahadhiri na wanafunzi walibishana usiku kucha juu ya ujamaa. Duka la TPH pale Samora likawa mahali ambapo mabishano hayo yalinunulika yakiwa na jalada. Mwaka huo huo wa 1972 TPH ilishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London kutoa kitabu cha Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mwaka 1974 yakatoka mashairi ya Agostinho Neto kwa Kiingereza, mwaka mmoja kabla mshairi huyo hajawa rais wa kwanza wa Angola. Mwaka 1976 ikawa zamu ya Issa Shivji na uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka nchini. Kisha Adam Shafi akaleta Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, riwaya ambazo hadi leo zinatajwa kila inapozungumzwa fasihi ya Kiswahili.

Vitabu hivyo vizito havikuwa peke yake sokoni. Msomaji wa kawaida, karani au fundi cherehani, alikuwa na vyake vya kusoma kwa pupa. Faraji Katalambulla alikuwa ameshatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimtambulisha mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na watu wakawa wanapokezana nakala moja hadi inachakaa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilizuiwa shuleni, lakini wanafunzi waliisoma vile vile.

Wanaoyakumbuka maduka ya wakati ule hawasimulii vitabu tu. Wanamsimulia muuzaji aliyejua nani anafuatilia mwandishi gani, aliyemwacha mwanafunzi asome kurasa za mwanzo akiwa amesimama, huku akijua kabisa kwamba hana hela. Wanasimulia jinsi mtu alivyoingia kutafuta kitabu cha hesabu akatoka na riwaya. Hamu hiyo ya zamani ni ya haki. Mji uliokuwa na duka la namna hiyo kwenye mtaa wake mkuu ulikuwa unawaambia vijana wake kwamba wanatarajiwa kuwa watu wenye fikra.

Sasa mpira. Katika miaka hiyo hiyo, mpira wa Dar es Salaam haukuwa mdogo hata kidogo. Yanga ilikuwepo tangu 1935 na watani wao tangu 1936, na mwaka 1971 watani hao, klabu ya Sunderland, walipoachana na jina hilo la Kiingereza wakaitwa Simba. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Mwaka 1977 iliifunga Yanga mabao 6-0, matatu yakiwa ya Abdallah Kibadeni, na hadi leo Mwanasimba hahitaji kuulizwa ndipo ayataje. Mwaka 1980 timu ya taifa, Taifa Stars, ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika nchini Nigeria, na ikabidi kusubiri hadi 2019 kurudi huko. Aliyekosa nafasi Uwanja wa Taifa alikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na watangazaji wake walimfanya msikilizaji auone mpira kwa masikio.

Kwa hiyo muongo ambao TPH iling'ara ndio huo huo ambao mpira uling'ara. Watu walikuwa wale wale. Walikwenda Samora wakati wa mchana wa kazi na uwanjani siku ya mapumziko, bila kuona kwamba wanasaliti upande wowote.

Kilichoyaangusha maduka kinaeleweka vizuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na pamoja nayo ikatoweka East African Literature Bureau, shirika lililotoa vitabu vya Katalambulla, Kezilahabi na Musiba. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilifuata, fedha za kigeni zikakauka, na karatasi, wino na vipuri vya mitambo ya uchapaji vikawa vya kutafutwa kwa tochi. Usambazaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, na maduka binafsi hayakupata nafasi ya kukua. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilihesabu zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima kuwa wanajua kusoma na kuandika. Ni mafanikio makubwa ya elimu ya watu wazima, na yalitimia wakati ambapo hapakuwa na vya kusoma.

Uchumi ulipofunguliwa, ahueni haikufika kwenye riwaya. Kuanzia 1991 wachapishaji binafsi waliruhusiwa kuandaa vitabu vya kiada, wakaegemea huko kwa sababu ndiko kulikokuwa na hela. Baadaye kazi hiyo ilirudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na wengi wao wakabaki hewani. Pango la mjini likapanda. Leo ukiingia katika maduka mengi yenye neno "vitabu" kwenye kibao, utakuta madaftari, kalamu, rimu za karatasi na vitabu vya maswali na majibu ya mitihani. Mpira hauhusiki na lolote kati ya hayo.

Lakini kuusafisha mpira kabisa nako si haki, na hapa ndipo anayeupenda anapogawanyika.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na madishi ya satelaiti yalipofika mitaani baada yake, kikazaliwa kibanda umiza: chumba cha mabati au turubai, mabenchi yaliyobanana, kiingilio kidogo mlangoni, na joto la kutosha kuloanisha shati. Jina lenyewe linaeleza mateso yake. Hata hivyo kina utu wake. Bodaboda na mwalimu wanakaa bega kwa bega, wasiojuana wanakumbatiana bao likiingia, na aliyefungwa anataniwa hadi anapofika kwake. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria, mji mzima ulisimama. Yanga ilifungwa 2-1 nyumbani, Uwanja wa Mkapa, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, na kombe likaenda kwa wenyeji kwa sababu ya bao la ugenini. Hata mashabiki wa Simba, wale wa Msimbazi, wakiwa na raha zao za utani, walikiri kwamba nchi ilikuwa imefika mbali.

Furaha hiyo ni ya kweli, na hakuna kitabu kinachoweza kuileta kwa namna ile. Tatizo ni kilichoingia pamoja nayo. Mkeka, yaani tiketi ya kubeti, umeubadilisha moyo wa mtazamaji. Kijana wa Mbagala aliyeketi kibandani hashangilii tena timu anayoipenda. Anafuatilia simu yake kuona kama matokeo ya ligi ya nchi ambayo hawezi kuutaja hata mji wake mmoja yataupitisha mkeka wake wa mechi kumi. Ukichanika, huzuni yake haina utani wa kuipoza. Hela ya mkeka ni ya nauli, ya chakula, wakati mwingine ya ada. Kampuni za kubeti ziko vifuani mwa jezi, kwenye matangazo ya mapumziko, na kwenye ukuta wa duka la kona. Mpenzi wa mpira anayeona haya na akanyamaza anauacha mchezo wake uharibiwe machoni pake.

Tena kuna suala la fedha, na tofauti ya mizani. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya kuonyesha Ligi Kuu. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na watu wakaliita goli la mama. Mwaka huo huo ilitolewa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo mshindi wa kwanza hupata milioni 10. Mabao mawili, basi, yalifikia riwaya nzima ya mwandishi aliyeshinda nchi nzima. Tuzo hiyo ni hatua njema na inastahili pongezi. Mizani ndiyo inayouma.

Anayedhani wasomaji wamekwisha aende kwenye meza ya magazeti asubuhi ya Jumatatu. Atakuta watu wamesimama safu mbili wakisoma kurasa za mbele za magazeti ya michezo, wakibishana kuhusu usajili, wakisahihishana majina na miaka. Wanasoma Kiswahili kizuri, wanakumbuka, wanahoji. Wamekosa mtu wa kuwawekea kitabu hatua tatu kutoka hapo.

Vinavyoweza kuwekwa vipo. Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, na jina la TPH halijafutika Samora. Mikocheni kuna Soma, mahali pa vitabu na kahawa ambapo waandishi na wasomaji hukutana. Wauza vitabu vya mitumba bado wanatandika bidhaa zao kando ya barabara za Posta, ingawa hawana hakika kama kesho watakuwa pale pale.

Mpira ulidumu kwa sababu ulikuwa na wenyewe. Simba na Yanga zina majengo yao Kariakoo, wanachama wanaolipa ada, na wazazi wanaomvalisha mtoto jezi kabla hajajua kutembea. Duka la vitabu lilikuwa mpangaji tu, na liliposhindwa kodi hakuna aliyeandamana.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika, na maelfu ya wageni watapita katikati ya Dar es Salaam. Maandalizi ya viwanja yanaendelea. Katika maandalizi hayo hayo, Halmashauri ya Jiji inaweza kuwatengea wauza vitabu wa Posta eneo la kudumu, lenye paa na kibali kisichotegemea huruma ya mgambo. Klabu hizi mbili, ambazo zina maduka ya jezi, zinaweza kuweka humo rafu moja ya vitabu vya Kiswahili, na kuanza kwa kuwalipa waandishi waziandike historia zao wakati wazee walioziona bado wapo. Serikali inaweza kununua nakala za kila kitabu kinachoshinda Tuzo ya Nyerere kwa ajili ya maktaba za mikoa na shule, ili mwenye duka ajue kwamba kuna soko. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtu mmoja apunguze mapenzi yake kwa mpira.