Umepimwa Sukari? Hotuba kwa Wakazi wa Migwani

Jua mnaliona, kwa hivyo sitawaweka sana.

Nianze na mjomba wangu. Alikaa Nairobi zaidi ya miaka 20 akiendesha matatu. Asubuhi chai ya sukari nyingi na mandazi, mchana chipsi na soda, siku nzima amekaa kwa kiti. Aliporudi nyumbani alikuwa na kiu isiyoisha, na usiku anaamka kukojoa mara nne, mara tano. Watu wakasema amerogwa. Akapata kidonda kidogo kwa mguu. Zahanati tuliyompeleka ilikuwa na mashine ya kupima sukari, lakini vile vijikaratasi vya kuwekea damu vilikuwa vimeisha. Tukaambiwa turudi wiki ijayo. Tukarudi mara tatu. Alipokuja kupimwa, mguu ulikuwa umeshaoza. Ukakatwa.

Zamani tulisema kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Ni kweli mjini umezidi. Hesabu za Shirikisho la Kimataifa la Kisukari za mwaka 2021 zinasema kwamba duniani, kwa kila watu wazima 100 wa mjini, kama 12 wana kisukari, na mashambani kama 8. Lakini 8 si wachache, ndugu zangu. Na sisi hatuko mbali na mji. Watoto wetu wako Nairobi, Thika na Mombasa, na wakizidiwa na ugonjwa wanarudi kwa mama. Lami ya kutoka Kibwezi na Kitui imefika hapa Migwani, na lori la soda linafika nayo. Muthokoi na ndengu tunaviona chakula cha shida. Safari tuliyokuwa tunatembea, sasa tunaita bodaboda.

Shida kubwa ni kwamba hatupimwi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 uliona karibu Wakenya wazima 9 kwa kila 10 hawajawahi kupimwa sukari. Sasa fikirieni: asiyepimwa haandikwi kwa daftari. Daftari likiwa tupu, inaonekana hatuna wagonjwa. Ikionekana hatuna wagonjwa, vifaa haviletwi. Na vifaa visipoletwa, hatupimwi. Tunazunguka hapo hapo mpaka mtu anakatwa mguu, anapofuka ama figo zinakufa.

Afya si hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema ni haki ya kila mtu, na zahanati ziko chini ya kaunti. Kwa hivyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, nenda upimwe, hata kama hujisikii mgonjwa. Zaidi sana kama umepita miaka 40, kama mzazi wako anacho, ama mama kama ulipata sukari ukiwa mjamzito. Ukipimwa kabla ya kula chochote na ipatikane 7 kwenda juu, omba kipimo kirudiwe uanze matibabu. Na kama tayari unatumia dawa, usifunge, iwe ni Ramadhani ama ni maombi ya kanisani, kabla ya kuongea na daktari.

Pili, ukiambiwa vifaa vimeisha, usirudi nyumbani kimya. Andika tarehe na jina la zahanati. Tukikusanya hizo tarehe, tunaandika barua moja kuuliza vifaa vilinunuliwa lini na vingapi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu.

Tatu, bajeti. Makadirio ya kaunti yanatakiwa yafike Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Mikutano ya maoni ikiitwa, tusiende kuomba barabara tu. Tuseme tunataka vijikaratasi vya kupimia sukari, vidonge, na friji inayofanya kazi, kwa sababu insulini inawekwa kwa nyuzi 2 hadi 8, na joto la Kitui mnalijua. Tuseme, kisha tuhakikishe imeandikwa.

Mjomba yuko hai. Anakaa nje ya nyumba, na kila mgeni akifika, kabla hajapewa chai, anaulizwa swali moja. Nami nawaachia hilo hilo: wewe umepimwa?