Daktari Anayeshuka Karakanani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Katibu ameniomba niseme kidogo juu ya madaktari, kwa kuwa mwezi ujao wajumbe wetu wataketi na wakubwa kuzungumza habari za matibabu. Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikashika spana. Basi nitasema kama fundi anavyosema na mafundi.

Yuko daktari wa namna moja ambaye wengi wetu hatujapata kumwona. Nataka mjue jinsi anavyofundishwa kazi huko Marekani. Mtauliza, Marekani inatuhusu nini? Nimeichagua kwa sababu huko uanagenzi wake una kanuni zilizoandikwa, na tena huko ndiko linakoonekana waziwazi jambo linalomkwamisha, nalo ni fedha.

Kijana akitoka chuo cha udaktari haachwi aende zake. Huingia uanagenzi, kama sisi tulivyowekwa chini ya fundi mkuu kabla ya kuaminiwa na mashine. Anayetaka kazi ya upasuaji hukaa miaka mitano au zaidi. Lakini wako wachache wanaochagua udaktari wa kinga, na baraza la kuwapima hao lilianzishwa mwaka 1948. Mwanagenzi wa namna hii hukaa kwanza mwaka mmoja akitibu wagonjwa kama wenzake, maana asiyeujua ugonjwa atauzuiaje? Kisha hutolewa wodini. Kwa muda wa miaka miwili hivi husoma shahada ya afya ya umma: hesabu za maradhi, maji, hewa, chakula, sheria, na namna ya kusimamia watu na fungu la fedha. Na wakati huohuo hupelekwa kazini, miezi kadhaa katika ofisi ya afya ya mji au ya jimbo, pengine kiwandani. Huko hupewa kazi yenyewe. Watu wameharisha baada ya karamu; ni chakula kipi, na kilipikwa wapi? Watoto wa mtaa fulani hawajachanjwa. Kwa nini huo na si ule? Mgonjwa wake si mtu mmoja aliyelala kitandani, ni mtaa mzima. Hufundishwa pia kusimama mbele ya wenye serikali na kuwaeleza kwa tarakimu kwa nini bomba la maji litengenezwe kwanza kabla ya jambo jingine. Akimaliza, hutazamiwa aweze kuongoza idara.

Udaktari huo una matawi matatu. La kwanza ni la afya ya umma, la pili ni la afya ya watu wa kazi, na la tatu ni la marubani na wale waendao angani. Hilo la tatu tuwaachie wenyewe. La pili ndilo letu.

Mtu aliyelifungua tawi hilo huko Marekani alikuwa mwanamke, jina lake Alice Hamilton. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1893, wakati ambapo hapakuwa na uanagenzi wa namna hii hata kidogo, akajifundisha mwenyewe kwa miguu yake. Mwaka 1910 alipewa kazi na jimbo la Illinois achunguze sumu viwandani, na hasa madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya rangi na vitu vingine. Wenye viwanda walimwambia kwamba hakuna wagonjwa kwao. Hakubishana nao. Alikwenda kusoma vitabu vya hospitali, akaandika majina ya waliolazwa, kisha akawafuata majumbani mwao, kwa kuwa nyumbani mtu husema kweli asiyoweza kuisema mbele ya nyapara.

Sikilizeni hapa, ninyi watu wa reli. Mahali pamoja alipopata sumu hiyo ni karakana za Pullman, kule Chicago, zilikotengenezwa mabehewa ya abiria. Wapaka rangi walikuwa wakikwangua na kusugua rangi yenye risasi ndani ya mabehewa, wakivuta vumbi lake. Habari hizo zilimfikia mama mmoja mwenye hisa katika kampuni, Louise deKoven Bowen, naye akawashika wakubwa mpaka wakabadilisha mambo, wakaweka na daktari wa kuwaangalia watu. Hayo yalikuwa mwaka 1912 hivi. Mimi husoma habari hiyo nikafurahi, kisha nikajiuliza: na kama yule mama hakuwa na hisa? Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwita Hamilton akafundishe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu pale, na hao hao waliomwajiri hawakumruhusu kuandamana na walimu wenzake siku ya kutoa shahada.

Yale aliyoyafanya peke yake ndiyo mwanagenzi hufundishwa leo kwa utaratibu. Basi kwa nini madaktari hawa ni wachache hata katika nchi tajiri kama ile? Nitawaeleza.

Marekani wana bima ya serikali ya wazee, inaitwa Medicare, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965. Bima hiyo ndiyo hulipa sehemu kubwa ya gharama za kufundisha madaktari wanagenzi, na malipo yake hupitia hospitalini. Yeye wa kinga muda wake mwingi hayuko hospitalini. Yuko kwenye ofisi ya mji, kwenye kisima, kiwandani. Kwa hiyo fedha ile kwa kawaida haimfikii. Mafunzo yake huendeshwa kwa msaada wa idara fulani ya serikali, au wa jeshi, au wa chuo, na misaada mingine leo ipo na kesho haipo. Fedha hufuata kitanda. Asiye na kitanda anabaki kuomba.

Jambo hili hatuhitaji kufundishwa na mtu. Treni ikianguka, brekidauni hutoka na kreni yake, wakubwa wanafika kwa magari, watu wanasimama kutazama. Lakini lile genge la njia linalotembea alfajiri likikaza bolti na kubadilisha mataruma yaliyooza, nani amepata kulitazama? Fungu la fedha likipungua, genge ndilo hupunguzwa kwanza. Na siku treni isipoanguka, hakuna anayeandika kwamba haikuanguka.

Neno dogo la pembeni kwa watu wa chama. Huko Marekani waajiri walipenda kusema kwamba daktari mwanagenzi si mfanya kazi, ni mwanafunzi tu, hata akikesha wodini. Mwaka 1976 baraza la kazi la nchi ile lilikubali maneno hayo. Ilichukua mpaka mwaka 1999 baraza hilo kugeuza na kusema ni mfanya kazi, ana haki ya chama. Sisi wenyewe tuliona mwaka 2024 madaktari wa Kenya wakigoma siku 56, na malipo ya wanagenzi yalikuwa katikati ya mgogoro. Msiseme mambo ya madaktari si ya wafanya kazi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka huo wa 2004 wengi mnaukumbuka kwa mahindi ya sumu. Watu wa Makueni na Kitui walifika hospitalini macho yamekuwa manjano na matumbo yamevimba. Waliohesabiwa kuugua ni 317, waliokufa 125. Daktari wa wodini afanye nini? Ini likiisha kuharibika na sumu ya kuvu, dawa ya kuliponya hana. Jibu lilikuwa ghalani, katika mahindi yaliyowekwa na unyevu. Lilipatikana kwa watu kwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza mahindi yalitoka wapi na yalihifadhiwaje, na kuyapima. Mwaka huohuo Kenya ilianza mafunzo ya miaka miwili ya kulea wachunguzi wa namna hiyo, madaktari wa watu, wa wanyama na watu wa maabara pamoja, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni kazini, si darasani. Hilo ni jambo jema sana.

Lakini karakanani? Yuko mwenzetu hapa, hataki nimtaje, aliyefanya kazi ya nyundo na riveti miaka mingi. Masikio yalipoanza kuvuma alikwenda zahanati. Alipewa dawa ya matone. Akarudi, akapewa tena. Katika safari zote hizo hakuulizwa hata mara moja, "Unafanya kazi gani?" Leo mkewe akimwita lazima amguse bega. Na wale wanne waliokuwa naye kwenye benchi ile hawajapimwa mpaka sasa. Daktari aliyefundishwa kinga angeanza na hao wanne.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wetu wasiende kudai vidonge na vitanda tu. Sheria ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini inasema mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na sisi tuwe na watu wetu ndani yake. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zimeweka mpaka wa desibeli 90 kwa kazi ya saa 8. Tudai daktari anayetuangalia awe amesomea afya ya watu wa kazi, na kama hayuko, mwajiri asaidie kumsomesha mmoja. Tena ashuke karakanani angalau mara moja kwa mwezi, akiwa amevaa buti. Na hesabu ya waliopimwa masikio na mapafu iletwe mbele ya kamati bila majina ya watu, ili tuone ni benchi gani inayoumiza.

Katibu ana karatasi mezani. Kila mtu, kabla ya kutoka, aandike kazi yake, miaka aliyoifanya, na kama masikio yanavuma. Asiyependa kuandika jina asiliandike. Wa zamu ya usiku watapelekewa zao Jumatatu.