Bibi Aliyerudi Kuwa Mama: Maneno ya Ukoo na Ulezi wa Wajukuu

Miongoni mwa maneno ya ukoo katika Kiswahili, ni machache yaliyobeba mzigo wa maana kama neno bibi. Katika Tanzania Bara na Zanzibar neno hili humtaja kwanza mama wa baba au mama wa mama. Nchini Kenya, katika mazungumzo ya kila siku, wengi wakisikia bibi huelewa mke, na mzazi wa mzazi humwita nyanya, neno ambalo kwingineko lina tunda lake sokoni. Zaidi ya hayo, bibi ni neno la heshima kwa mwanamke yeyote, na ndiyo maana hata hadhira ya mhadhara huitwa mabibi na mabwana, pasipo mtu kufikiri kwamba waliokaa mbele wameitwa ajuza.

Utata huu hautatizi wazungumzaji, kwa kuwa muktadha huutatua. Lakini lipo jambo moja ambalo muktadha haulitatui. Katika vijiji na mitaa ya Afrika Mashariki wamo mabibi na mababu wasiokuwa wa kutembelewa wakati wa likizo, bali ndio wanaomwamsha mtoto alfajiri, wanaomlisha, wanaomtibu na kumpeleka shule. Kazi wanayoifanya ni ya mama na baba. Jina wanaloitwa ni la kizazi kingine. Mhadhara huu unadai kwamba pengo hilo kati ya jina na kazi si suala la msamiati pekee. Misaada ya umma hupita katika maneno kabla haijafika mikononi mwa watu, na asiyekuwa na neno lake hubaki nje ya mlango.

Inafaa kuanza na umbo la maneno yenyewe, kwani sarufi imehifadhi usawa ambao desturi za ofisi hazikuuhifadhi. Kitenzi zaa hutoa mzazi na zaliwa. Kitenzi lea hutoa mlezi na lelewa. Konsonanti l, ambayo ilidondoka katika mashina haya, hujitokeza tena katika kutendwa, na mbele ya irabu ya nomino ya mtendaji hugeuka z. Vitenzi hivi viwili vimepita njia moja ya kihistoria, hatua kwa hatua. Kwa mujibu wa lugha, kuzaa na kulea ni ndugu wa tumbo moja. Methali nayo inaupa uzito upande wa pili: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Yafaa kuangaliwa kwamba methali hii haisemi ni nani amleaye huyo mwana, wala ana umri gani.

Hata hivyo, nafasi ya bibi na babu katika utamaduni haikuwa ya ulezi wa kila siku. Ilikuwa nafasi ya utani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na babu humposa mjukuu wa kike mbele ya watu, kisha wote wakacheka. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu uhusiano wa utani, aliuhusisha wepesi huu na mpangilio wa vizazi: mzazi ndiye mwenye mamlaka na adhabu, na kizazi kinachofuata juu yake kinakuwa kimbilio. Mtoto aliyechapwa na baba hukimbilia kwa babu. Ndivyo mizani ilivyokaa, na ndivyo tulivyopata kitenzi dekeza, ambacho katika vinywa vya watu humfuata bibi kama kivuli. Mwalimu akimwona mtoto mtundu husema, "huyu kalelewa na bibi yake", na msikilizaji hahitaji maelezo zaidi.

Sasa mizani hiyo hupinduka bibi anapobaki peke yake na mtoto. Hawezi kuwa kimbilio na mwenye fimbo kwa wakati mmoja. Akikemea, mjukuu humwona amevunja mkataba wa utani. Akinyamaza, mtaa humhukumu kwa kudekeza. Lugha nayo hutoa ushahidi wa msukosuko huo. Mtoto aliyelelewa na bibi tangu uchanga mara nyingi humwita mama, na mama aliyemzaa, hasa akiwa bado kijana, humwita dada au kwa jina lake. Ndani ya nyumba hakuna anayechanganyikiwa. Tatizo huanza siku ya kuandikishwa shule, mwalimu anapouliza, "Mama yako anaitwa nani?" na mtoto akajibu kwa ukweli wa moyo wake, jibu lisilolingana na cheti cha kuzaliwa.

Hali hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa katika mkoa huo mwaka 1983, kabla neno UKIMWI halijaundwa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiingia kwa biashara ya magendo kutoka Uganda. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Ugonjwa uliwachukua watu wa umri wa kati, yaani wazazi wenyewe, ukaacha ncha mbili za ukoo zikitazamana: wazee na watoto wadogo. Bibi aliyetarajia kutunzwa na mwanawe akamzika mwanawe na kuanza upya kuosha nepi. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bila malipo nchini mwaka 2004, vifo hivyo vilianza kupungua, lakini waliokwisha kuwa walezi walikuwa tayari na watoto wa kuwafikisha utu uzima.

Ni katika miaka hiyo neno yatima lilipopata kazi mpya. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu humhusu mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili wengi humfikiria aliyefiwa na wote wawili. Katika takwimu za mashirika ya kimataifa yatima ni aliye chini ya miaka 18 na aliyepoteza mzazi mmoja au wote. Maana tatu katika neno moja, na kila moja huhesabu watoto tofauti katika kijiji kile kile! Isitoshe, zote tatu zinatazama kifo tu. Mtoto ambaye baba yake hajulikani aliko na mama yake anauza duka Dar es Salaam si yatima kwa maana yoyote, japokuwa ugali wake, daftari lake na homa yake vyote vimo mikononi mwa bibi. Baadaye serikali na mashirika yalipanua istilahi wakasema "watoto waishio katika mazingira hatarishi". Ni fungu la maneno lenye nia njema, ingawa limefanya hatari kuwa sifa ya nyumba ya bibi, na si ya umaskini uliomkuta humo.

Wapo waliotazama upande wa pili wa jozi hii. Mwaka 2003, wilayani Muleba, mkoani Kagera, ulianza mradi ulioitwa Kwa Wazee, uliowapa wanawake wazee, wengi wao wakilea wajukuu, pensheni ndogo ya kila mwezi pamoja na nyongeza kwa ajili ya watoto. Ripoti ya tathmini yake, iliyotolewa mwaka 2008, ilibeba katika jina lake vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hakuna istilahi ya kitaalamu iliyoweza kusema zaidi ya orodha hiyo. Chumvi ni ya wote, sabuni ni ya heshima ya nyumba, viatu ni vya mtoto. Fedha ya mzee ilikuwa imeshuka kizazi kizima bila kuamriwa na mtu. Asemaye kwamba kumsaidia bibi na kumsaidia mjukuu ni mafungu mawili ya bajeti na atazame kapu la sokoni.

Mipango mikubwa iliyofuata imetumia vigezo vya aina mbalimbali. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, kwa kila mkaazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, ikianzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya, chini ya Inua Jamii, iliufanya mwaka 2018 mfuko wa wazee kuwa wa wote waliotimiza miaka 70, kwa kiwango cha shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania Bara, kupitia TASAF, ilichagua kipimo kingine katika mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012: si mtu, bali kaya. Kwa mtazamo wa maudhui ya mhadhara huu, neno kaya lina ubora wake, kwa sababu halimuulizi bibi amepataje watoto hao. Linauliza nani wanakula chungu kimoja.

Ama vigezo vya umri vina kasoro ambayo mwanaisimu huiona upesi kuliko mchumi. Bibi si neno la umri. Ni neno la uhusiano. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, lakini mwanamke aliyezaa akiwa na miaka 18, na binti yake naye akazaa katika umri huo huo, ni bibi akiwa na miaka 36. Huyu hana mvi, hana pensheni, wala hana dirisha la wazee hospitalini. Bado analima au anachuuza, pengine ana mtoto wake mwenyewe wa darasa la tatu.

Na idadi ya mabibi wa namna hii haitokani na vifo. Mwezi Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliondoa kizuizi kilichowanyima wasichana waliojifungua nafasi ya kurudi katika shule za kawaida za serikali. Kenya ilikuwa na mwongozo wa kuwarejesha tangu mwaka 1994. Uamuzi huo ni wa haki na ulichelewa. Lakini ulipojadiliwa, mjadala uliwahusu msichana, shule, maadili na mwalimu mkuu. Swali dogo halikupewa nafasi yake: binti akiwa darasani tangu asubuhi hadi jioni, mtoto yuko na nani? Jibu linajulikana na kila mtu, na pengine ndiyo sababu halikutajwa. Yuko mgongoni mwa bibi yake, shambani au gengeni. Sera ya elimu imejengwa juu ya kazi ya mtu ambaye haimtaji. Bibi huyo akiugua, au akilazimika kwenda kibaruani, anayeacha shule kwa mara ya pili ni binti.

Hapa ndipo neno mlezi linapohitaji kuchunguzwa. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hatua iliyosubiriwa kwa miongo mingi. Tangu hapo kazi ya kufasiri sheria imeonyesha jinsi neno hili lilivyonyooshwa. Aliyekabidhiwa mtoto na mahakama ni mlezi. Aliyempokea kwa muda kwa utaratibu wa ustawi wa jamii ni mlezi. Anayemtunza kwa ukweli wa maisha bila karatasi yoyote ni mlezi. Hata mwanasiasa anayechangia jezi za timu ya kata ni mlezi wa timu. Lugha za kisheria za kwingineko hutenganisha hawa kwa majina mbalimbali, kwa sababu haki zao hazilingani. Kwetu, fomu ya shule na ya hospitali huandika "mzazi/mlezi", na huo mkwaju mdogo kati ya maneno mawili hufunika tofauti kubwa: upande mmoja mtu mwenye haki kwa kuzaa, upande wa pili yeyote aliyefika siku hiyo.

Kwa bibi mzaa mama jambo hili ni zito zaidi. Katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, ambazo mila zao ziliwekwa katika maandishi na serikali mwaka 1963, mtoto huhesabiwa kuwa wa upande wa baba, hata kama baba hakuwahi kununua kipande cha sabuni. Bibi anaweza kumlea mjukuu miaka kumi, kisha akaja ami kumchukua. Kwa Wamakonde, Wayao au Waluguru, ambao ukoo wao kwa asili hufuata mama, bibi huyo huyo angekuwa amesimama katikati ya ukoo, si ukingoni mwake. Kiswahili kinatofautisha waziwazi bibi mzaa mama na bibi mzaa baba. Fomu haitofautishi.

Je, liundwe neno jipya? Historia ya uundaji wa istilahi, tangu BAKITA lilipoanzishwa mwaka 1967, inaonyesha kwamba neno lisilokuwa na mdomo wa kulisema hufia katika kitabu. Hakuna haja ya kwenda mbali. Wazungumzaji tayari husema mama mlezi na baba mlezi, kwa kuweka nomino mbili sambamba pasipo kiunganishi. Kwa kanuni hiyo hiyo, bibi mlezi na babu mlezi ni maneno yanayoeleweka mara tu yanapotamkwa. Yanaeleza uhusiano na kazi kwa pamoja, hayataji kifo wala umri, na yanaweza kuwekewa tafsiri katika sheria: ndugu wa kizazi cha pili anayeishi na mtoto na kumtunza kwa muda utakaotajwa. Mwenye jina hilo apewe uwezo wa kutia saini ya matibabu, kumhamisha mtoto shule, na kupokea fedha ya mtoto bila kutafuta barua ya baba asiyejulikana aliko.

Wapo watakaosema kwamba neno haliongezi unga. Ni kweli, na hakuna mwanaisimu mwenye akili timamu atakayelipeleka neno jikoni likapikwe. Lakini afisa wa kata hugawa kwa orodha, na orodha hutengenezwa kwa safu zenye vichwa. Daftari ambalo safu zake ni "mzee", "yatima" na "mzazi/mlezi" haliwezi kutoa hesabu ya bibi wa miaka 36 anayelea mtoto wa binti aliyerudi kidato cha pili, hata afisa akiwa mwema kiasi gani. Gharama ya kuongeza safu moja inayouliza mlezi ana uhusiano gani na mtoto, bibi mzaa mama, bibi mzaa baba, babu, au mwingine, ni wino wa mstari mmoja, na kazi hiyo inaweza kuanza katika daftari la uandikishaji wa darasa la kwanza la mwaka ujao.