Perege wa Bondeni Alipopanda Lushoto
(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Kwashemshi)



Mwaka jana, mwezi wa Julai, tulivua vifaranga wa perege katika bwawa letu hapa Kwashemshi. Tukawatia kwenye madebe, tukawapandisha Lushoto kwa ndugu zetu waliokuwa wamechimba bwawa. Tulipofika tu, tukawamwaga. Jamani! Walilala ubavu, hawawezi kuogelea. Kesho yake wengi walikuwa wamekufa, na fedha zetu zimekwenda. Wazee wakasema mlima umewakataa. Sisi tukasema hewa ya mlimani ni nyepesi, samaki wamekosa pumzi.

Hebu tutazame. Samaki naye anapumua. Hewa yake, yaani oksijeni, anaipata ndani ya maji kwa matamvua, yale mekundu yaliyo ndani ya mashavu. Mji wa Lushoto uko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa imepungua kama sehemu 15 katika kila 100, ukilinganisha na Tanga mjini. Basi na ile inayoingia majini inapungua. Hapo tulisema kweli. Lakini tulisahau jambo moja: maji ya baridi hushika hewa nyingi kuliko maji ya uvuguvugu. Baridi ya Lushoto inarudisha karibu yote iliyopotea.

Kumbe kilichowaua ni baridi yenyewe. Mwili wa samaki hauna joto lake kama wetu. Maji yakipoa, naye anapoa. Perege anapenda maji ya digrii 25 mpaka 30. Yakishuka chini ya 16, karibu aache kula, na mkia unakuwa mzito. Nasi tulimtoa kwenye debe la joto tukamtupa kwenye baridi ghafla!

Wako samaki wa milimani hasa. Trauti aliletwa katika mito ya milima ya Kenya mwaka 1905, naye anapigana na maji ya kasi yenye baridi kali. Mlete hapa kwetu uone, hatadumu. Lakini perege ni mtu wa bondeni. Hata wataalamu wamempa perege mmoja wa mto Pangani jina la Korogwe yetu.

Januari ya mwaka huu, wakati wa joto, tulipanda tena. Safari hii tuliyaweka madebe ndani ya bwawa kwanza, tukaongeza maji ya pale kata kwa kata, polepole. Halafu tukayalaza madebe. Wakatoka wenyewe, wanaogelea. Ila wanakua taratibu kuliko wa kwetu, na ndugu wa Lushoto wameanza kunung'unika.